Anayekuja Saa Tisa

Jumatatu hiyo mke wa fundi viatu aliomba ruhusa ya asubuhi kazini, akavaa gauni lake la kutokea, akamshika mumewe mkono, wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii kwa mara ya kumi na mbili. Njia walishaizoea kiasi kwamba hawakuwa wakizungumza. Babu alikuwa akihesabu ngazi kwa sababu ya magoti yake. Bibi alikuwa akiwaza habari ya benchi, kama leo watapata lile lenye egemeo au lile la mbao tupu, ambalo ukilikalia saa mbili unainuka umepinda kama ndoana.

Walipata lile la mbao tupu.

Bibi alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa thelathini na moja sasa. Kazini walimwita Bi Pasi, na kila mtu alijua kwamba ikifika saa tisa alasiri, mashine zikipumzishwa, Bi Pasi hujilaza juu ya marobota ya mashuka masafi na kulala kama gogo. Wenzake walikuwa wakitania kwamba siku hospitali ikiungua, yeye atatolewa pamoja na mashuka, na atauliza kesho yake moshi huu wa nini.

Kilichowapeleka pale benchini ni wajukuu wawili. Binti yao na mumewe walikufa pamoja katika ajali ya gari, wakaacha msichana wa miaka saba, aliyeitwa Kasuku kwa jinsi alivyopenda kuongea, na mvulana wa miaka mitatu, mnene, waliyemwita Donge. Baada ya maziko, ndugu wa pande zote mbili walikaa kikao, wakaamua watoto walelewe na dada ya baba yao, mwalimu wa chekechea, asiye na mume wala mtoto, mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Hakuna aliyebisha. Babu na bibi walikuwa na chumba kimoja nyuma ya kibanda cha viatu, na mvua ikinyesha iliwabidi wahamishe kitanda. Walichoomba ni kuwaona watoto kila mwisho wa mwezi. Shangazi akakubali kwa moyo mweupe.

Miezi mitatu mambo yalikwenda sawa. Mwezi wa nne wakakuta geti limefungwa. Wa tano wakaambiwa na majirani kwamba mwalimu amehama, hawajui kaenda wapi. Simu ikawa inaita mpaka inakata. Babu akaandika barua, akazipeleka shuleni kwake, zikarudi bila kufunguliwa, maana na shule alishaihama. Ndipo wakaanza nenda rudi ya ofisi ya ustawi, na sasa mwaka ulikuwa umekatika.

"Leo hata wakituambia turudi kesho, mimi siwezi kukasirika," Babu alisema. "Hasira nazo zinataka nguvu."

Lakini siku hiyo afisa ustawi aliwaita ndani mapema. Alikuwa mwanamume wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, mafaili yamemzunguka mpaka sakafuni. Aliwaambia wakae, akasema shangazi wa watoto amepatikana na yuko njiani. Bibi alihisi machozi yanamlenga, akayarudisha. Alikuwa ameshajizoeza.

Shangazi aliingia baada ya nusu saa. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye usingizi umemkimbia siku nyingi. Alichagua kiti cha mbali, karibu na mlango.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," bibi alijibu. "Watoto hawajambo?"

Shangazi alimgeukia bibi. "Mama, naomba nikuulize kitu kimoja mbele ya huyu afisa. Unaomba ruhusa ya nini, wakati unakuja kila siku?"

Hakuna aliyeelewa. Babu alisogeza sikio lake lililo zima.

"Anakuja," shangazi alimwambia afisa. "Kila siku, saa tisa alasiri. Mimi nikitoka kazini najilaza kidogo. Nasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Nikienda kutazama, namkuta Kasuku amekaa kwenye ngazi, nywele zimesukwa mistari mipya. Zimelowa. Zinanuka dawa ya kufulia ya hospitali. Mara tatu nimemwona mama huyu kwa macho yangu mawili, amevaa koti lake la kijani la kazini. Nikimwita hageuki. Nilihama kwa sababu yake. Siku ya pili ya kuhamia, alikuwa ameshafika."

"Mwanangu," bibi alisema, "mimi sijui hata nyumba yako iko upande gani."

"Ndiyo maana naogopa, mama."

Kulikuwa na neno moja ambalo lingeweza kusemwa hapo, na wote wanne walilijua. Shangazi alisema majirani wameshalisema, yeye bado. Alisema pia kwamba ana dada yake anayeishi nchi nyingine, na asipopata amani, mwisho wa mwezi anawapeleka watoto huko, moja kwa moja. Alisema bila ukali wowote. Alionekana mtu aliyechoka kuliko wote mle ndani, na mle ndani kila mtu alikuwa amechoka.

Afisa alimwuliza bibi saa tisa huwa wapi. Bibi akasema kazini. Afisa akaomba barua ya msimamizi wake.

Barua ililetwa Jumatano. Afisa aliisoma kimya, akairudia, kisha akawasomea wazee kwa sauti. Msimamizi wa dobi aliandika kwamba mfanyakazi huyu, kwa miaka yote, hajawahi kutoka kazini kabla ya saa kumi. Saa tisa hupumzika nusu saa. "Kwa kuwa nimetakiwa kusema kweli," barua iliendelea, "nasema pia kwamba nusu saa hiyo haamshiki. Tumejaribu. Mwili wake unakuwa wa baridi kama shuka lililotoka majini. Wenzake siku hizi hawakubali kubaki naye chumba kimoja."

Bibi alirudi kazini siku hiyo hiyo, akamkuta msimamizi akihesabu mashuka.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani ni uchovu, Bi Pasi," msimamizi alisema bila kuinua macho. "Hapa nani hajachoka."

Afisa ustawi hakuwa mtu wa kuamini mambo ya gizani. Aliamua jambo rahisi. Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi, babu na bibi wangetembelea watoto nyumbani kwa shangazi, na yeye mwenyewe angekuwepo. Saa tisa ikipita bibi akiwa amekaa sebuleni, yu macho, maneno yote yangekwisha. Shangazi alikubali.

Walikwenda watatu. Barabara ilikuwa ya changarawe na vumbi, nyumba zimefuatana, zote zina kuta nyeupe na mageti ya bati. Afisa alikuwa na namba ya nyumba kwenye karatasi. Alipokuwa bado anaitafuta, bibi alishasimama mbele ya geti la tano. Akalishika, akaliinua juu kidogo, ndipo akalisukuma.

"Linakwaruza chini usipoliinua," alimwambia mumewe.

Babu alimtazama. Bibi akautazama mkono wake mwenyewe.

Sebule ilikuwa safi, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, feni inazunguka taratibu. Afisa alikaa mezani na kutoa daftari lake. Shangazi akawaita watoto.

Mwaka mzima bibi alikuwa ameipanga dakika hii. Alijiambia watamkimbilia, Donge atamparamia, Kasuku ataongea mpaka ashikwe mdomo. Watoto waliingia wameshikana mikono. Walikuwa wamekua. Kasuku alisema shikamoo babu, shikamoo bibi, vizuri kabisa, kama mtoto anayesalimia wageni wa shangazi yake. Donge alibaki mlangoni. Alikuwa anatazama miguu ya bibi.

"Leo umevaa viatu," alisema.

Babu akacheka kwa kulazimisha, akatoa mfukoni jozi mbili za kandambili ndogo alizowashonea. Hilo lilisaidia. Donge alikuja akavaa zake. Kidogo kidogo mtoto akasogea, akakaa kwenye goti la babu, na babu akamfundisha kupiga mluzi. Kwa dakika arubaini ile sebule ilikuwa sebule ya watu. Hata shangazi alitabasamu. Alileta chai.

Kasuku alikaa karibu na bibi, lakini hakumgusa. Baada ya muda alinyanyuka kidogo, akamnong'oneza sikioni.

"Wewe siyo yule wa kila siku."

"Yule yukoje?" bibi alinong'ona.

"Yule haongei. Wewe unaongea." Mtoto alifikiri. "Na yule hajachoka."

"Anataka nini, mama?"

"Ananisuka tu. Donge anampakata." Kasuku alichungulia kama shangazi anasikia. "Jana ameongea. Mara moja tu. Alisema leo tuvae nguo za kutokea, tunaondoka naye."

Bibi alilitazama gauni la mtoto. Lilikuwa gauni la kutokea. Alidhani wamevalishwa kwa ajili yake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika mbili.

Usingizi ulimjia pale pale. Haukumjia kama usingizi wa siku zote. Ulimwangukia mabegani kama robota la mashuka mabichi. Kope zikawa nzito. Sauti ya babu ikaenda mbali. Miguu ikaingia baridi, baridi ikapanda magotini. Bibi alielewa. Alielewa vizuri, kwa sababu kwa mwaka mzima, kila siku akijilaza juu ya yale marobota, alikuwa na wazo moja tu kabla ya kufumba macho. Angewachukua. Angewashika mikono wote wawili, awapeleke kwake, kile chumba kiwe kidogo, paa livuje, lakini wawe wake. Hakuwahi kumwambia mtu. Hata mumewe.

Sasa kuna kitu kilichokuwa kimelisikia wazo hilo.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Amekuja," Kasuku alisema. Alimshika Donge mkono. Wakaenda jikoni.

Shangazi alisimama, akashindwa kupiga hatua. Afisa aliinua kichwa. Bibi aling'ata ulimi wake mpaka akahisi ladha ya damu. Akashika kiegemeo cha kochi. Akainuka. Goti moja likakataa. Akalilazimisha. Kutoka kochini mpaka jikoni ni hatua tisa, na alisema baadaye kwamba miaka thelathini na moja ya kufua mashuka haikuwa mizito kama hatua zile.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nje jua lilikuwa kali.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye ngazi, amewapa mgongo. Koti la kijani. Mikono ya koti imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Kilemba cha bibi, kilichofungwa kama bibi anavyofunga. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye vidole vya miguu. Donge alikuwa amesimama katikati ya magoti yake. Kasuku pembeni. Watoto wote wawili walikuwa wamevaa kandambili zao mpya. Tayari kwa safari.

Bibi alisikia pumzi ya shangazi nyuma yake. Akasikia kalamu ya afisa ikianguka sakafuni.

"Mwachie," bibi alisema.

Yule mwanamke hakugeuka.

"Waachie watoto. Wana kwao. Hapa ndipo kwao."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida, maana hajawahi kuyasema, na hakuwa anayataka. Yule mwanamke alisimama. Akamshika Donge mkono, akampa na Kasuku mkono wa pili. Akaanza kushuka ngazi.

"Ni mimi niliyewataka," bibi alisema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Siwataki tena. Sitaki kuwachukua. Nimeshasema mbele ya shangazi yao. Watakaa hapa, na mimi nitakuja kwa miguu yangu, kama mgeni. Nenda."

Yule mwanamke akageuka.

Ulikuwa uso wa bibi. Kila mstari wake. Lakini ulikuwa umelala usingizi wa kutosha. Macho yalikuwa maangavu, ngozi imejaa, midomo imetulia. Haukuwa na huzuni wala hasira. Ulimtazama bibi kama mtu anavyotazama nguo aliyoivua.

Kisha vidole vikaanza kumwachia Donge. Kimoja. Kingine. Vilichukua muda. Cha mwisho kilikawia.

Yule mwanamke akageukia kona ya nyumba, akaenda.

Afisa ustawi ndiye aliyepata akili ya kufuata. Upande ule hakukuwa na njia wala geti, ila ukuta mrefu kuliko mtu. Alikuta nyayo za maji zimenyooka mpaka ukutani. Alisimama pale mpaka jua lilipozikausha. Katika ripoti yake aliandika mistari mitatu: ziara imefanyika, watoto wana afya, babu na bibi waruhusiwe kila Alhamisi. Faili akalifunga, na miezi miwili baadaye akaomba uhamisho.

Tangu hapo hakuna aliyekuja saa tisa. Bibi hakulala tena mchana. Ilipofika saa hiyo kazini alisimama, akanawa uso kwa maji baridi, akapiga pasi mashuka ambayo yalishapigwa pasi. Uchovu ulimla taratibu, na mwisho wa mwaka akaacha kazi. Lakini kila Alhamisi alikwenda, yeye na mzee wake, kwa miguu yao, wakabisha hodi wakangoja kufunguliwa. Donge akajifunza mluzi mpaka ikawa kero. Shangazi akaacha kumwita bibi kwa woga, akaanza kumwita mama kwa maana yake. Siku moja alimwambia, "Hukuwa na lazima ya kusema vile." Bibi akajibu, "Nilikuwa nayo." Hawakuligusa tena jambo hilo.

Karibu miaka miwili ilipita. Shangazi aliamua kupaka rangi jikoni, na Alhamisi hiyo bibi akaja kumsaidia. Walitoa vyombo, wakasogeza meza. Nyuma ya mlango, mahali palipotundikwa mifagio na makoti ya mvua tangu wiki ya kuhamia, shangazi aling'oa misumari, akashusha kila kitu.

"Mama, njoo uone."

Ukutani kulikuwa na alama ndogo, fupi kama kope za macho, zilizokwaruzwa kwenye rangi ya zamani kwa ukucha. Zilikuwa safu mbili, zinapanda kwenda juu.

Kasuku, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, alikuja na brashi mkononi. "Alitupima," alisema. "Hii yangu. Ile ya Donge."

"Nani?"

"Yule."

"Alikuwa anawapima kila siku?" shangazi aliuliza.

"Hapana. Siku moja tu, ile ya kwanza kufika nyumba hii. Alitusimamisha hapo, akachora ya chini. Halafu sisi tukatoka, yeye akaendelea kuchora."

Kasuku alijisimamisha ukutani, akacheka. Alama moja ilikuwa sawasawa na utosi wake. Juu yake zilikuwepo nyingine, na nyingine, mpaka kimo cha mwanamke mzima, na hapo juu zilikaribiana, kama mtu aliyeacha kukua. Safu ya Donge ilianza chini. Ikapanda kidogo. Ikakoma.

Hapakuwa na kitu baada ya hapo. Ukuta tu.

Shangazi alifumbua mdomo kumwita Donge. Bibi akamshika mkono. "Usimwite."

Wakamtazama kupitia mlangoni. Alikuwa uani na babu yake, anapiga mluzi, ameegemea pipa la maji. Macho hayaombi ruhusa, yanapima yenyewe. Vilibaki kama vidole vinne afike alama yake ya mwisho.

Walipaka rangi mara tatu siku ile, wakarudisha mifagio, na Kasuku akaambiwa asimsimulie mtu.

Nyumbani mwa shangazi hakuna anayempima Donge. Shuleni wakileta fomu ya urefu, hujazwa kwa kukisia, na hukisiwa chini. Suruali zake zikianza kumwacha vifundo wazi, bibi huzichukua bila neno, akashusha pindo. Donge akiuliza, wanawake wawili humwambia zimesinyaa kwa kufuliwa. Naye mtoto huamini, maana anayemwambia amefua nguo miaka thelathini na moja.